Tuliacha dawa za baridi yabisi kwa kuiogopa Korona, na kuacha huko ndiko kulikotuumiza

Mwalimu wa Kihonda (mleta uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro na nina baridi yabisi tangu mwaka 2013. Nazungumzia ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo, hata mtu akaamka vidole vimevimba na kukakamaa kwa saa nzima au zaidi. Sizungumzii maumivu ya magoti ya uzeeni wala gauti, ingawa mitaani yote hayo huitwa jina moja.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki hii mama mmoja tunayekutana naye kliniki amenieleza kwamba ameacha methotreksati, dawa yetu ya kutuliza kinga isishambulie viungo, baada ya kusikia kuwa kuna watu wanaokohoa sana mtaani kwao na huenda Korona imerudi. Aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Dawa inashusha kinga, na mimi sitaki kufa." Nilisikia maneno yangu mwenyewe ya mwaka 2020 yakitoka kinywani mwake.

Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa Arusha. Shule zilifungwa, nami nikabaki nyumbani na simu, nikisoma kila ujumbe ulioniambia kwamba watu wanaotumia dawa za kushusha kinga ndio watakaoondoka kwanza. Sikumuuliza daktari. Niliweka pakiti ya methotreksati juu ya kabati nikaacha kuigusa. Wiki ya sita nilishindwa kukamua nguo, na wiki ya nane binti yangu ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo vya gauni. Kwa kuwa maumivu hayavumiliki, nilikwenda duka la dawa nikanunua prednisoloni, kidonge cha jamii ya steroidi ambacho huuzwa kwetu kwa bei ya chini na mara nyingi bila cheti. Vidole vilipungua uvimbe ndani ya siku mbili, nikajiona nimeokoka. Mwaka uliofuata wote niliishi hivyo: nakunywa miligramu 20 kwa siku viungo vinapochachamaa, napunguza kidogo, vinachachamaa tena, naongeza. Katikati ya Julai 2021 niliugua Korona, nikalazwa nikiwa kwenye oksijeni kwa siku sita.

Baada ya kupona nilianza kusoma, na nilichokikuta kimenibadilisha. Mwezi Machi mwaka 2020 madaktari wa magonjwa ya viungo wa nchi nyingi waliunda muungano uitwao COVID-19 Global Rheumatology Alliance, wakafungua daftari moja la kimataifa ambamo kila daktari angeandika taarifa za mgonjwa wake wa baridi yabisi, lupasi (ambamo kinga hushambulia ngozi, viungo, figo na sehemu nyingine za mwili) au ugonjwa wa jamii hiyo aliyepata Korona. Taarifa yao ya kwanza ilihusu wagonjwa 600 kutoka nchi 40. Waliolazwa walikuwa 277 na waliofariki 55. Walipotazama dawa ambazo wagonjwa hao walikuwa wakitumia kabla ya kuugua, waliona kwamba waliokuwa wakinywa steroidi kiasi cha miligramu 10 au zaidi kwa siku ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kulazwa, takriban mara mbili, ilhali methotreksati na dawa nyingine za kawaida za kutuliza ugonjwa hazikuonyesha kuongeza uwezekano huo.

Taarifa iliyofuata, iliyotoka mwaka 2021, ilikuwa na wagonjwa 3,729, na kati yao 390 walifariki. Hapo ndipo nilipokuta sentensi iliyonikalisha chini: wale ambao ugonjwa wao wa viungo ulikuwa umechachamaa walipoambukizwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko wale ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Umri mkubwa, kuwa mwanamume, maradhi ya moyo na shinikizo la damu, na maradhi ya mapafu vilichangia pia, kama ilivyo kwa watu wengine wote. Steroidi ya zaidi ya miligramu 10 kwa siku ilionekana tena kuhusishwa na hatari. Methotreksati ndiyo waliyoitumia kuwa kipimo cha kulinganishia nyingine.

Lazima niwe mkweli kuhusu namba hizo. Daftari lile lilijazwa kwa hiari, na daktari huwa mwepesi kumwandika mgonjwa aliyezidiwa kuliko aliyekohoa siku tatu akapona nyumbani. Kwa hiyo mtu asichukue 390 akagawanya kwa 3,729 akadhani ndivyo wagonjwa wote wa baridi yabisi wanavyokufa wakiambukizwa. Tena anayepewa steroidi nyingi mara nyingi ndiye ambaye ugonjwa wake umekuwa mkali, na si rahisi kutenganisha dhara la kidonge na dhara la ugonjwa. Lakini kwangu mimi tofauti hiyo haibadilishi somo, kwa sababu nilikuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na vyote viwili nilijiletea siku nilipoweka ile pakiti juu ya kabati.

Nawaomba wenye ugonjwa huu, wanaowauguza, na wataalamu waliomo humu tulijadili jambo hili kwa utulivu.

Binti wa Likoni

Mwalimu, pole sana, na ahsante kwa kufungua mjadala huu. Mimi nina lupasi, niko Mombasa, na yaliyonipata yalikuja kwa njia nyingine: sikuacha dawa kwa kupenda, niliikosa.

Dawa yangu ya kila siku ni haidroksiklorokwini. Wazee wetu wanaikumbuka ndugu yake, klorokwini, iliyokuwa ikitibu malaria na kuwawasha watu mwili mzima mpaka Kenya ikaiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea. Kwa lupasi hatuinywi kwa sababu ya malaria. Tunainywa kwa sababu inapunguza kuamka kwa ugonjwa na kulinda figo, na hata mama mjamzito mwenye lupasi hushauriwa aendelee nayo.

Machi 2020 ukatoka utafiti mdogo huko Marseille, Ufaransa, uliodai kwamba dawa hii inaondoa virusi vya Korona. Rais wa Marekani wa wakati ule akaisifu hadharani, na tarehe 28 Machi mamlaka ya dawa ya nchi yake ikairuhusu kwa dharura. Ndani ya siku chache nilizunguka maduka ya dawa kuanzia Likoni mpaka mjini bila kuipata, maana watu wasio na lupasi wala baridi yabisi walikuwa wameinunua na kuiweka ndani ya makabati yao. Tarehe 15 Juni ruhusa ile ilifutwa, kwa kuwa jaribio kubwa la Uingereza liitwalo RECOVERY lilikuwa limeonyesha kwamba haiwasaidii waliolazwa; katika hesabu ya mwisho waliopewa dawa hiyo walikufa asilimia 27, na wasiopewa asilimia 25, yaani haikuokoa mtu. Mimi nilikuwa nimekaa wiki saba bila dozi, uso umejaa vipele, miguu imevimba, na mkojo una protini.

Naongeza jambo moja ambalo wenzangu wa lupasi hulisahau. Wapo waliodhani kwamba sisi tunaoinywa kila siku tumekwisha kingwa. Muungano ule alioutaja Mwalimu uliwatazama wagonjwa wa mwanzo 80 wa lupasi waliopata Korona, ukakuta zaidi ya nusu yao walikuwa tayari wanatumia dawa za jamii hiyo. Haikuwakinga. Tunaihitaji kwa ajili ya lupasi yetu, basi, na hiyo ni sababu tosha ya kutoiacha.

Kijana wa Nzega

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma uzi wako usiku nikakosa usingizi. Baba yangu ana miaka 67, ana baridi yabisi, na kwa zaidi ya miaka miwili anakunywa prednisoloni anayojinunulia mwenyewe, vidonge vinne vya miligramu 5 kila asubuhi. Uso umekuwa wa mviringo na ngozi ya mikono inachubuka kwa kuguswa tu. Hajaonana na daktari wa viungo hata mara moja. Je, nimnyang'anye vidonge hivyo leo, kabla Korona haijamkuta navyo?

Tabibu wa Kata

Ndugu Kijana, naomba usifanye hivyo. Nakujibu kwanza wewe kabla ya wengine, kwa sababu swali lako lina hatari ya papo kwa papo.

Juu ya kila figo ipo tezi ndogo inayotengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili unaihitaji ili kuhimili ugonjwa, jeraha na msongo. Mtu anapokunywa prednisoloni kwa muda mrefu, tezi hizo huona kazi yao inafanywa na kidonge, nazo hulala. Ukimnyang'anya mzee vidonge kwa siku moja baada ya miaka miwili, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Shinikizo la damu linaweza kushuka, atapike, alegee, apoteze fahamu, na akiwa ameambukizwa Korona wakati huo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwili unaopambana na homa unahitaji homoni hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa wiki na miezi, chini ya uangalizi, huku dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe ikianzishwa ili viungo visichachamae.

Kwa hiyo mpeleke baba hospitali ya wilaya au ya mkoa mapema, pamoja na vidonge anavyotumia, na mwambie daktari ukweli wote kuhusu muda na kiasi. Apimwe sukari na shinikizo la damu, maana steroidi hupandisha vyote viwili, na vyote viwili humzidishia mtu hatari anapopata Korona. Sisi watoa huduma wa ngazi ya chini tuna sehemu yetu ya lawama. Nimeona wagonjwa walioandikiwa prednisoloni ya siku tano na mtoa huduma aliyetaka kuwapunguzia maumivu, wakabaki nayo miaka mitano kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwamba ni daraja la kuvukia mpaka methotreksati ianze kufanya kazi, jambo ambalo huchukua wiki kadhaa.

Msomaji wa Kale

Tabibu, nimekuelewa, ila kuna jambo linanitatiza. Mnasema steroidi nyingi zilihusishwa na kulazwa. Lakini katika wodi za Korona wagonjwa mahututi walipewa deksamethasoni, nayo ni steroidi, tena kali. Dawa moja itaumizaje na kuponya?

Tabibu wa Kata

Swali zuri sana, na naomba nafasi ya kulijibu kwa kirefu kidogo, kwa sababu jibu lake ndilo linaloeleza uhusiano wa Korona na magonjwa haya.

Siku za mwanzo kirusi kinazaliana puani, kooni na kisha mapafuni, na kinga ya mwili ndiyo inayotakiwa kukizuia. Aliyekwisha kulewa steroidi kabla ya siku hiyo anaingia vitani na askari waliolala. Kwa baadhi ya wagonjwa, kuelekea wiki ya pili, mambo hugeuka: kinga inawaka kupita kiasi, na moto huo ndio unaoharibu mapafu. Hapo mwili wa mgonjwa wa Korona unafanana kwa kiasi fulani na mwili wa mgonjwa wa baridi yabisi aliyechachamaa, na hapo ndipo deksamethasoni husaidia.

Jaribio la RECOVERY lilionyesha jambo hilo waziwazi mwezi Juni 2020. Wagonjwa 2,104 walipewa deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, na wengine 4,321 wakapata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia vifo vilipungua kwa theluthi, na kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu vilipungua kwa takriban humusi. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuonekana faida yoyote. Niliwaona majirani wakinunua deksamethasoni na kuinywa nyumbani siku ya kwanza ya mafua, na iliniuma sana, kwa sababu walikuwa wakijilaza kinga saa ile ile walipoihitaji.

Tena haikuwa steroidi peke yake. Tosilizumabu, dawa ya sindano iliyokuwa ikitumika kwa baridi yabisi kwa miaka mingi, ilionekana kupunguza vifo kwa wagonjwa wa Korona waliozidiwa, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Julai 2021. Barisitinibu, kidonge cha baridi yabisi, kilifuata Januari 2022. Kolchisini ya gauti ilijaribiwa pia, haikufaa. Inasikitisha kwamba sindano ile ambayo wagonjwa wetu wengi wa baridi yabisi hawajawahi kuimudu ndiyo iliyogombaniwa duniani, na kwetu haikutufikia kwa ugonjwa mmoja wala kwa mwingine, isipokuwa kwa wachache.

Mhamiaji wa Maskati

Assalaam alaykum. Mke wangu ana baridi yabisi kali na hapa Maskati amewekwa kwenye dripu ya rituksimabu kila baada ya miezi sita. Methotreksati mmeitetea vizuri, lakini hii je? Na chanjo inamsaidia chochote?

Mwalimu wa Kihonda

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hapa sitakufariji kwa maneno matupu, kwa sababu rituksimabu ndiyo dawa ambayo taarifa nyingi zilikubaliana kwamba inaongeza hatari. Katika wale wagonjwa 3,729, waliokuwa wakiitumia walikuwa na uwezekano wa kufa wa takriban mara nne wakilinganishwa na waliotumia methotreksati peke yake. Dawa hiyo huziondoa chembe B za damu, nazo ndizo zinazozaa chembe za kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazokinasa kirusi, hivyo mtu anaweza kukaa na kirusi muda mrefu, na akichanjwa muda mfupi baada ya dripu anaweza asipate kingamwili kabisa. Wataalamu walishauri kwamba chanjo itolewe dripu iliyopita ikiwa imekaribia kwisha nguvu, na dripu inayofuata isubiri wiki mbili hadi nne baada ya chanjo. Kwa mkeo maana yake ni kupanga tarehe na daktari wake kabla ya mzunguko ujao. Na hata kingamwili zisipotoka, sehemu nyingine ya kinga, ile ya chembe T, huweza kuitikia chanjo, kwa hiyo usikate tamaa ukadhani ni kazi bure. Wewe na watoto mlio naye nyumbani chanjeni pia.

Kuhusu chanjo kwa sisi wengine: chanjo za Korona zilizoletwa kwetu hazina kirusi hai kinachoweza kuzaliana, ndiyo maana zinaruhusiwa kwa anayetumia dawa za kushusha kinga. Tanzania ilianza kuchanja tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia akichanjwa mbele ya kamera, kwa dozi zaidi ya milioni moja za Johnson & Johnson zilizokuwa zimewasili siku nne kabla. Nilikuwa nimetoka hospitali wiki hiyo hiyo, na nilipopata nafuu kamili niliipata yangu.

Methotreksati nayo hupunguza kiasi cha kingamwili kinachotokana na chanjo. Huko Uingereza walifanya jaribio la watu 254 waliokuwa wakiitumia: nusu waliendelea nayo na nusu waliiacha kwa wiki mbili baada ya chanjo ya nyongeza. Walioiacha walipata kingamwili zaidi ya maradufu, ingawa viungo vya baadhi yao vilichachamaa kidogo katika muda huo. Wiki mbili zilizopangwa na daktari, ugonjwa ukiwa umetulia, ni jambo tofauti kabisa na mwaka mzima wa kuacha kwa woga kama nilivyofanya mimi. Prednisoloni haiachwi kwa ajili ya chanjo.

Binti wa Likoni

Mwalimu, au Tabibu, hebu semeni pia mtu afanye nini akishaugua. Homa ya lupasi, homa ya malaria na homa ya Korona kwangu zinaanza kwa namna moja.

Tabibu wa Kata

Dada, usikisie. Pima malaria na pima Korona siku ya kwanza, ukitumia kipimo cha haraka, kabla ya kusema lupasi imeamka. Ukiwa na Korona, mwongozo wa madaktari wa viungo wa Marekani ulikuwa hivi: haidroksiklorokwini inaweza kuendelea; methotreksati, azathioprini na nyingi za dawa kali za sindano husimamishwa kwa muda; prednisoloni haikatwi ghafla. Kwa aliyeugua kwa wepesi, dawa zilizosimamishwa zilirudishwa siku 7 hadi 14 baada ya dalili kwisha. Kupumua kukibana, au kipimo cha kidole kikionyesha oksijeni chini ya asilimia 94, nenda hospitali usiku huo huo. Na ukipewa Paxlovid, vidonge vya kutibu Korona, mwambie mfamasia dawa zako zote, maana inagongana na kolchisini, siklosporini, takrolimasi na nyinginezo, na huzidisha nguvu ya steroidi mwilini.

Kijana wa Nzega

Nimerudi na taarifa. Baba amepimwa: shinikizo la damu liko juu na sukari imepanda. Daktari ameanza kushusha prednisoloni kidogo kidogo, na amempa methotreksati ya mara moja kwa wiki pamoja na asidi ya foliki. Amepangiwa pia chanjo. Baba anauliza kama anaweza kuinywa methotreksati kila siku kwa dozi ndogo, ili asisahau, kama alivyozoea prednisoloni.

Mwalimu wa Kihonda

Hapana, mwanangu, na hili mwambie leo kabla hujalala. Methotreksati ya viungo ni ya siku moja tu katika wiki. Watu wamekufa kwa kuinywa kila siku kwa makosa, kwa kuwa huangusha chembe za damu na kuacha vidonda vinywani na tumboni. Mchagulieni siku asiyoweza kuisahau. Mimi nimechagua Jumapili baada ya chakula cha jioni, na kwenye kalenda iliyo ukutani binti yangu huchora duara nyekundu kila nikimeza. Vidonge vya wiki zinazofuata vikae mbali na sahani yake ya dawa za kila siku. Akipata homa au kikohozi kabla ya siku hiyo kufika, asimeze, ampigie daktari simu kwanza, na prednisoloni aendelee nayo kama alivyoandikiwa.

Kijana wa Nzega

Amechagua Ijumaa. Nimemnunulia kalenda.